Charles Booth, Tajiri Aliyewahesabu Maskini

Kila mwaka, Kwaresima inapokaribia, maparokia yetu hujiandaa kwa sadaka ya maskini. Na kila mwaka, barazani na hata mbele ya mlango wa kanisa, husikika mashauri yale yale. Mmoja husema kwamba maskini ni wavivu, na kuwapa ni kuwaongezea uvivu. Wa pili husema kwamba ni walevi. Wa tatu husema kwamba wote wameonewa na wenye mali. Kila mmoja ana jirani yake anayemjua, na juu ya jirani huyo mmoja hujenga hukumu ya maelfu ya watu. Ni wachache wanaouliza neno ambalo kwa haki lingetangulia: maskini ni wangapi, wanaishije, na ni jambo gani hasa lililowafikisha pale walipo?

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyeuliza neno hilo, akatumia miaka 17 na fedha zake mwenyewe kulitafutia jibu. Hakuwa padre, hakuwa mtakatifu, wala hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mwingereza, mwenye kampuni ya meli, jina lake Charles Booth. Msomaji asimchanganye na William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, aliyeishi zama zile zile.

Malezi na biashara

Charles Booth alizaliwa mjini Liverpool tarehe 30 Machi 1840. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mtu wa kuheshimika. Jamaa yake walikuwa Waunitari, yaani watu wa madhehebu yasiyosadiki fumbo la Utatu Mtakatifu, lakini wenye desturi ya kufanya kazi kwa bidii na kuishi bila anasa. Mama yake alifariki mwaka 1853, na baba yake mwaka 1860, hata kijana huyu akafikia umri wa miaka 20 akiwa yatima mwenye urithi. Alikuwa amekwisha kujifunza kazi katika ofisi ya kampuni ya meli. Mwaka 1863 aliungana na kaka yake Alfred, wakaanzisha biashara ya ngozi kati ya Uingereza na Marekani, na miaka 3 baadaye wakaweka meli za mvuke za kwenda Brazil. Meli zao mbili za kwanza waliziita Augustine na Jerome, kwa majina ya Mtakatifu Augustino na Mtakatifu Yeronimo, walimu wa Kanisa. Na desturi ya kuzipa meli zao majina ya namna hiyo iliendelea miaka mingi.

Mwaka 1865 alipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wa Toxteth, Liverpool, akimwombea kura mgombea wa chama chake. Huko aliona kwa macho yake vyumba vyenye giza na uvundo, na watoto wasio na viatu katika baridi ya Ulaya. Alikuwa amezaliwa katika mji ule ule, lakini hakuwa ameyajua maisha yale. Mambo hayo hayakumtoka tena moyoni.

Mwaka 1871 alimwoa Mary Macaulay, mjukuu wa Zachary Macaulay, mmoja wa wale waliopigana kwa miaka mingi kuikomesha biashara ya watumwa. Mama huyu alikuwa msomi hodari, naye ndiye aliyeyapitia na kuyasahihisha maandiko ya mumewe. Baada ya ugonjwa mrefu uliomfanya akae Uswisi kwa muda, Booth alihamia London na jamaa yake mwaka 1875. Imani ya madhehebu aliyozaliwa nayo ilikuwa imempoa, asijiunge na nyingine. Walakini hakuacha kuiheshimu dini, kama tutakavyoona.

Mji mmoja, kauli nyingi

London ya miaka ile ilikuwa na watu zaidi ya milioni 4, nao ulikuwa mji mkubwa kupita yote duniani. Bandarini zilishuka mali za nchi zote. Nyuma ya bandari, katika mitaa ya mashariki, jamaa za watu 6 au 7 zililala chumba kimoja. Februari 1886 watu wasio na kazi walifanya ghasia katikati ya mji, na wenye mali wakaingiwa na hofu.

Hapo kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wengine walitangaza kwamba mashariki ya mji limejaa jeshi la wahalifu ambalo siku moja litaufurikia mji wote. Wengine walisema kwamba umaskini ni matunda ya ulevi tu. Wajamaa nao walidai kwamba robo ya watu wa London wanaishi katika ufukara. Inasimuliwa kwamba Booth aliposikia dai hilo la robo aliona limetiwa chumvi, akakusudia kulipima. Kwa vyovyote, mwaka ule ule wa 1886 aliwakusanya wasaidizi wachache, akaianza kazi ambayo haikumalizika hata mwaka 1903.

Kwanza alijaribu kutumia vitabu vya sensa, akaona havitoshi, kwa kuwa vilitaja kazi ya mtu bila kueleza anavyoishi. Ndipo alipowafikia watu ambao wataalamu hawakuwa wamewafikiria: maafisa wa Bodi ya Shule. Sheria ilikuwa imewalazimisha watoto wote wasome, na maafisa hao walipita mlango kwa mlango, mwaka hata mwaka, wakiandika watoto waliomo na kazi za wazazi. Walizijua jamaa kama katekista wa zamani anavyoijua kanda yake. Booth na wasaidizi wake waliketi nao kwa saa nyingi, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, wakijaza madaftari. Kisha waliyalinganisha maneno hayo na yale ya wengine walioyajua maisha ya mitaa ile, kama vile watoa misaada, wachungaji wa dini na polisi.

Wala hakuridhika na madaftari. Mara 3, kila mara kwa majuma kadhaa, alipanga chumba kwa jamaa za watu wa kawaida, mahali asipojulikana, akala chakula chao na kuishi kama wao. Alitoka huko akiwa na heshima kwa watu hao, maana aliona nyumbani mwao upendo na furaha ambayo wasemaji wa barazani hawakuijua.

Hesabu ilivyotoka

Booth aliwagawa watu wa London katika mafungu 8, tangu walio chini kabisa hata matajiri. Aliweka pia mpaka, akauita mstari wa umaskini: jamaa ya kadiri iliyopata shilingi 18 hadi 21 kwa juma, tena kwa utaratibu, aliihesabu kuwa maskini; na iliyopata chini ya hapo, kuwa maskini sana. Wataalamu wa nchi zote hutumia wazo hilo la mstari hata leo. Alichora na ramani ya mji, kila mtaa na rangi yake: nyeusi kwa walio chini kabisa, buluu ya namna mbili kwa maskini sana na maskini, zambarau pale walipochanganyika, waridi kwa wafanyakazi wanaojimudu, nyekundu kwa wenye nafasi, na manjano kwa matajiri. Mtu yeyote aliweza kuitazama na kuona, mara nyingi, rangi ya buluu ikijificha nyuma tu ya rangi nyekundu.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1889, juu ya mitaa ya mashariki yenye watu karibu 900,000. Katika kila watu 100, maskini walikuwa 35. Baadaye alipomaliza mji wote, alipata 30.7 katika kila 100, yaani karibu watu 1,300,000. Lile dai alilolidhania kuwa limetiwa chumvi, kumbe lilikuwa pungufu!

Hapa twamwona mtu mwungwana. Angeweza kuyaficha madaftari yake, au kusogeza mpaka wake kidogo ili hesabu impendeze yeye na matajiri wenzake. Hakufanya hivyo. Alikuwa ameitafuta kweli, na kweli ilipokuja kinyume cha dhana yake, aliiacha dhana. Wala hakuipendelea hofu ya wenye mali, maana lile jeshi la wahalifu waliloliogopa lilikuwa, katika mji wote, chini ya mtu 1 katika kila 100.

Lakini sehemu inayotugusa zaidi sisi Wakristu ni uchunguzi wake juu ya sababu. Alichukua jamaa karibu 4,000 zilizo maskini, akapima kila moja ni jambo gani lililoileta katika hali ile. Kati ya maskini sana, wale ambao ulevi au kutojua kutunza fedha ndiyo iliyowaangusha walikuwa 14 tu katika kila 100, na wazururaji wasiotaka kazi walikuwa 4. Ugonjwa, udhaifu, au wingi wa watoto uliwaangusha 27. Waliobaki, 55 katika kila 100, waliangushwa na kazi yenyewe: ama haikupatikana kila siku, ama mshahara wake haukutosha kulisha nyumba. Kwa wale maskini wa kadiri, sababu ya kazi ilifika 68, na ulevi na uzembe 13.

Wasomaji wapenzi, tuzitafakari hesabu hizo. Ulevi ulikuwapo, nasi hatuutetei. Unavunja nyumba nyingi hata kwetu. Lakini mtu aliyekuwa akihubiri kwamba ulevi ndio umaskini alikuwa akisema kweli juu ya jamaa moja, na akizisingizia jamaa sita. Kumsingizia maskini ni dhambi mara mbili, kwa sababu kunamwondolea jina jema, na kunatuondolea sisi wajibu wa kumsaidia.

Makuli wa bandari na Kardinali Manning

Miongoni mwa wasaidizi wa Booth alikuwa mwanamke kijana, Beatrice Potter, aliyepewa kazi ya kuchunguza maisha ya makuli wa bandari. Maelfu ya wanaume walijongea kwenye malango ya bandari kila asubuhi, wakisukumana ili msimamizi awachague. Aliyechaguliwa aliweza kupata kazi ya saa chache tu. Asiyechaguliwa alirudi mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo hata awe na kiasi na bidii, hawezi kujua kama kesho watoto wake watakula.

Mwaka ule ule wa 1889, mwezi Agosti, makuli hao waligoma. Walidai penzi 6 kwa saa badala ya 5. Aliyewapatanisha na wakubwa wa bandari alikuwa hasa Kardinali Henry Edward Manning, Askofu Mkuu wa Westminster, mzee wa miaka 81, aliyefika mwenyewe kukutana na viongozi wa mgomo katika shule ya Kikatoliki katika mtaa wa Poplar. Septemba mgomo ulikwisha, na makuli wakapata penzi zao 6. Miaka 2 baadaye, tarehe 15 Mei 1891, Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum juu ya hali ya wafanyakazi, akifundisha kwamba mshahara wa haki lazima utoshe kumtunza mfanyakazi. Hatusemi kwamba kitabu cha Booth ndicho kilichomfanya Papa aandike. Twasema tu kwamba mfanyabiashara kwa hesabu zake, Kardinali kwa upatanishi wake, na Papa kwa mafundisho yake, waliuona ugonjwa mmoja.

Booth alizichunguza hata dini. Kuanzia mwaka 1897 yeye na wasaidizi wake waliwatembelea mamia ya wachungaji wa madhehebu yote, na matokeo yakajaza vitabu 7. Aliona jambo la kutuaibisha Wakristu sote: mahali pengi makanisa yalishindana kwa misaada, na maskini wakajifunza kusali pale palipogawiwa makaa na blanketi. Juu ya Wakatoliki, ambao wengi wao walikuwa Waairish fukara, alitambua kwamba mapadre wao waliishi karibu na maskini, na kwamba maskini hao walikuja kanisani.

Wazee

Booth hakuwa mtu wa kuhesabu na kwenda zake. Katika uchunguzi wake aliona kwamba uzee wenyewe ni mlango mkubwa wa umaskini. Katika Uingereza na Wales, karibu watu 3 katika kila 10 waliopita miaka 65 walilazimika kuomba msaada wa maskini katika muda wa mwaka mmoja. Wengi walikuwa wamefanya kazi tangu utotoni, na mwisho wao ulikuwa nyumba ya maskini, mahali palipoogopwa na kuaibishwa, ambako mume na mke wazee mara nyingi walitenganishwa.

Mwaka 1891 Booth alipendekeza kwamba kila mzee aliyetimiza miaka 65 apewe na serikali shilingi 5 kwa juma, bila kuulizwa kama anastahili. Alichekwa, wengine walisema nchi itafilisika, wengine kwamba watu wataacha kuweka akiba. Hakunyamaza. Mwaka 1894 alitoa kitabu juu ya wazee maskini, akaendelea kueleza na kushawishi. Mwaka 1908 Bunge lilipitisha sheria ya pensheni, na tarehe 1 Januari 1909 wazee wa miaka 70 na zaidi wenye kipato kidogo walianza kupokea fedha hizo posta, wakiwa wamesimama kwa heshima kama watu wengine. Wazo hilo lilisafiri mbali. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni jamii wazee wote waliotimiza miaka 70.

Makosa yake

Haifai kumfanya mtu huyu malaika. Lile fungu la maskini sana, Booth alilihukumu kwa ukali, akapendekeza liondolewe mjini likakae katika makambi ya kazi chini ya serikali, ili lisiwapunguzie wengine kazi na mishahara. Kwa bahati njema shauri hilo halikutekelezwa. Lakini latufundisha kitu. Hesabu yaweza kutuonyesha watu wangapi wana njaa. Haiwezi kutuambia kwamba kila mmoja wao ameumbwa kwa sura ya Mungu. Hilo mtu hulijua kwa njia nyingine, na asiyelijua aweza kuwasogeza watu kama magunia ghalani.

Mwisho wake

Booth alizeekea Gracedieu, nyumba ya shambani katika wilaya ya Leicestershire, iliyojengwa zamani na Ambrose Phillipps, mwungwana aliyeongokea Ukatoliki. Katika miaka yake ya mwisho alinunua picha kubwa ya mchoraji Holman Hunt, inayomwonyesha Kristu mwenye taa mkononi akibisha mlango usiofunguliwa. Aliisafirisha katika Kanada, Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini ili watu wengi waione, kisha akaitoa kwa kanisa la Mtakatifu Paulo, London, ambako ipo hata leo. Alifariki huko Gracedieu tarehe 23 Novemba 1916.

Sasa tujiulize sisi. Jumuiya ndogo ndogo zetu zina jamaa chache tu, zinazojuana kwa majina. Booth angetoa fedha nyingi kupata maarifa tuliyo nayo bure. Lakini je, viongozi wetu wa Karitasi wanajua katika jumuiya yao kuna wajane wangapi, wazee wangapi wanaolea wajukuu peke yao, watoto wangapi walioacha shule, na kwa sababu gani? Au tunagawa nguo na unga kwa yule anayelia kwa sauti kubwa, huku mwenye haya akilala njaa ndani ya mlango uliofungwa?

Twashauri mambo 3. La kwanza, kabla ya kugawa, jumuiya zitembelee nyumba zote, zisikilize zaidi kuliko kusema, na kuandika kwa uaminifu. Daftari hilo litunzwe kwa siri. Jina la maskini lisisomwe kanisani kama tangazo la ndoa. La pili, afisa wa takwimu wa serikali anapobisha hodi kuuliza chakula chetu na kipato chetu, tumwambie kweli. Anayeficha au kuongeza anapotosha msaada wa wilaya nzima. La tatu, tukiisha kujua sababu, tuifuate sababu. Ikiwa ni ugonjwa, tutafute tiba. Ikiwa ni mshahara usiotosha, basi wale miongoni mwetu wanaoajiri vibarua, walinzi na wasichana wa kazi wasijifariji kwa sadaka ya Kwaresima, bali waanze kwa kulipa haki.

Msamaria Mwema katika njia ya Yeriko alimwona kwanza yule majeruhi, akamkaribia, akayatazama majeraha yake. Ndipo akajua pa kutia mafuta na divai. Kuhani na Mlawi walimwona pia, wakapita. Kuona bila kutenda hakukuwafaa kitu, nasi hakutatufaa. Lakini asiyetaka hata kuona, atatia mafuta wapi?